Muulize Fundi: Bafu na AC kwenye trela ya kulala

Mwezi huu barua karibu zote ni za trela za kulala, zile ambazo watu wanajichomelea wenyewe nyumbani au wanachomelewa Katwe na Ndeeba hapa Kampala, halafu wanataka wafunge gari waende Murchison, Kidepo au Bunyonyi na familia bila kulipa loji kila usiku. Hii kazi naipenda sana na nafurahi watu wetu wameanza kuifanya. Swali la kwanza nimelijibu kwa kirefu manake ndani yake kuna karibu kila kitu, hayo mengine yanafuata.

SWALI: Fundi habari. Mimi niko Seeta, nimenunua ekseli ya pikapu kuukuu na kuna kijana ananichomelea trela ya kulala, urefu mita 4, upana mita 1.9, kimo cha ndani mita 1.85. Tuko wanne, mimi na mama na watoto wawili. Nataka bafu la ndani na AC. Kijana anasema bafu tuweke nyuma kabisa, tenki la maji la lita 200 likae juu yake maji yashuke yenyewe, AC iwe split (ile ya vipande viwili, kimoja ndani kimoja nje) ya BTU 12000, na sola mbili za wati 200 juu ya paa zitaendesha kila kitu. Gari ya kuvuta ni Prado. Bado hajafunika mabati. Nishauri. — Baba wa wawili, Seeta

JIBU: Ssebo asante kwa kuuliza wakati skwea tyubu bado ziko wazi, mengi nitakayokwambia leo ni kazi ya nusu siku na mwezi ujao yatakuwa kazi ya kubomoa.

Tuanze na hilo tenki. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo lita 200 ni kilo 200, na huyo kijana anataka kuziweka nyuma ya magurudumu, tena juu. Hapana. Trela ikiwa nzito nyuma inanyanyua hook ya gari, magurudumu ya nyuma ya Prado yanapungukiwa mzigo, na ukifika spidi ya 80 kwenye mteremko trela inaanza kutikisa mkia kushoto kulia, na ikishaanza hivyo dereva ana kitu kimoja tu cha kufanya, kuachia mafuta taratibu na kushika usukani bila kuuzungusha. Gari zinapinduliwa na trela namna hiyo. Tenki liwekwe chini sakafuni, juu ya ekseli au mbele yake kidogo, halafu pampu ndogo ya volti 12 isukume maji.

Mzigo unaolalia hook uwe kama asilimia 10 ya uzito wote, yaani trela ya kilo 900 ilalie hook kwa kilo 90 hivi. Hiyo unaipima mwenyewe hapo nyumbani: chukua mizani ya kupimia watu, weka kipande cha mbao juu yake mpaka kifike kimo cha hook, shusha mdomo wa trela pale, soma. Pima trela ikiwa imepakiwa kama siku ya safari, na godoro na sufuria na maji ndani. Na fungua kitabu cha gari uone kinasema nini, gari nyingi zimeandikiwa kilo 750 tu kwa trela isiyo na breki zake na yako ikijaa itapita hapo, kwa hiyo mwambie kijana aweke breki kwenye hiyo ekseli kabla hata hatujaongea bafu.

Sasa maji yenyewe, mnahitaji kiasi gani? Chukua shawa ya kichwa kidogo yenye kibatani cha kufungia pale pale mkononi, inatoa kama lita 5 kwa dakika. Unajilowesha, unafunga, unajisugua sabuni, unafungua kusuuza. Maji yamefunguka dakika mbili, lita 10. Watu wanne ni lita 40, jerikeni mbili. Basi tenki la lita 60 linawatosha kwa siku na ya kunawa mikono inabaki, na kwa nchi yetu hakuna mahali utakosa mtu wa boda wa kukuletea jerikeni nyingine mbili jioni. Safiri na tenki lililojaa au lililo tupu, nusu nusu ni mbaya maji yanapigana ndani kila kona, au mwambie anayelitengeneza aweke ubao wa kugawanya katikati wenye matundu.

Bafu lenyewe liweke ubavuni karibu na ekseli, sentimita 80 kwa 80 inatosha mtu mzima. Kimo chako cha 1.85 kinakubana kwa sababu sakafu ya bafu inataka mteremko na bomba chini yake, lakini kwa vile chesisi iko wazi mwambie kijana akate sakafu sehemu hiyo tu na ashushe trei ya bafu kati ya vyuma viwili vya chesisi, sentimita 10 hivi, unapata kimo na unapata kizuizi cha maji kwa wakati mmoja. Trei iwe ya faibaglasi kipande kimoja. Kuta weka zile mbao za PVC za siling, ni nyepesi na hazinywi maji. Tafadhali usikubali taili, najua mafundi wetu wanapenda taili kila mahali na kwenye nyumba zinapendeza, lakini ukizipigilia na saruji yake kuta tatu umeongeza kilo nyingi sana na barabara ya murram itazipasua siku ya kwanza, halafu maji yanaingia nyuma ya ufa na plaiwudi inaoza wewe huoni. Kona zote ziba na ile gundi nyeusi wanayoweka watu wa windskrini, inavutika, trela ikijinyonga njiani haiachii kama silikoni ya kawaida.

Jambo ambalo watu wanalisahau: trela haiegeshwi sawasawa kila siku. Ukitoboa tundu moja la maji katikati, siku umeegesha kwenye mwinamo maji yatasimama kona moja na kumwagikia kwenye godoro. Toboa mawili, kona mbili zinazotazamana, yaunganishwe chini na bomba moja liende kwenye tenki la maji machafu. Hilo tenki nalo liwe kubwa kama la maji safi, maji yaliyoingia ndiyo yatakayotoka.

AC sasa. Hapa naomba unisikilize vizuri ssebo kwa sababu ndipo pesa yako itapotea.

Bati jeusi au la rangi ya giza likipigwa na jua la saa nane mkono haukai, na hilo joto linashuka kichwani kwenu usiku mzima hata jua limezama. Ukifunga AC kwenye boksi la bati tupu unapoza Seeta yote. Kwa hiyo kabla ya mashine yoyote, jaza kati ya hizo skwea tyubu styrofoam ya unene wa tyubu yenyewe, paa kwanza halafu kuta halafu sakafu. Na uangalie gundi! Ile contact ya fundi viatu inakula styrofoam, unapaka na baada ya dakika unaona imekuwa mashimo mashimo kama sukari iliyomwagiwa chai, tumia gundi ya maji au foam ya kupuliza. Juu ya kila tyubu bandika mkanda wa mpira au foam nyembamba kabla ya kuweka plaiwudi ya ndani, chuma kikigusana na bati nje na plaiwudi ndani kinapitisha joto kama vile hukuweka kitu. Styrofoam ikishika moto moshi wake ni mbaya sana, kwa hiyo ukuta wa upande wa jiko la gesi uwekee bati la alumini kwa ndani na uache nafasi nyuma yake. Paa lipake rangi nyeupe. Na zile sola ziinue sentimita 5 mpaka 10 kutoka kwenye paa, zinakuwa kivuli cha bure na zenyewe zinafanya kazi vizuri zikipata hewa chini.

Ukimaliza hayo, weka madirisha mawili yanayotazamana yenye neti na kidirisha cha paa chenye feni ya volti 12. Hiyo feni inakula ampea 2 au 3, usiku mzima wa masaa 8 ni ampea-saa 20 hivi, betri ya kawaida inaiweza. Kampala usiku joto linashuka mpaka nyuzi 18, Fort Portal na Kabale chini zaidi, na sehemu kubwa ya Uganda iko juu ya mita 1,000 kwa hiyo sehemu nyingi mtakazolala hamtaitamani AC, mtatafuta blanketi. Mahali ambapo AC ni haja ya kweli ni kule chini, bonde la Nile na Ziwa Albert, Pakwach, Paraa, Ntoroko, ambako ni mita 600 na kitu tu, halafu Kidepo na Moroto wakati wa kiangazi.

Sasa hesabu ya kijana wako. Split ya 12000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) ni kubwa mno kwa chumba cha mita za mraba saba na nusu, itapoza haraka na kujizima kabla haijatoa unyevu, mtalala kwenye baridi yenye jasho. Na split yoyote ina maungio ya bomba la gesi ambayo fundi anayakaza kwa mkono, ile mitetemo ya murram inayalegeza, gesi inatoka polepole na kila mwezi uko kwa fundi wa friji. AC ya dirisha imefungwa yote kiwandani, haina hayo maungio, ndiyo ya kuweka kwenye trela. Ukipata ya BTU 5000 au 6000 inakutosha kabisa ukishaweka foam, ukikosa chukua 9000 na uishie hapo.

Ya 9000 inakula wati 800 mpaka 900. Kwa betri ya volti 12 hiyo ni ampea 75, ongeza inachokula inveta unafika 85. Betri ya lithiamu ya ampea-saa 200 imebeba kama yuniti mbili na nusu, yuniti zile zile za umeme unazonunua kwenye mita ya Yaka, ikisukuma AC mfululizo inaisha kwa masaa mawili na nusu hivi. Betri za asidi ndiyo kabisa, ukizinyonya zaidi ya nusu unaziua. Na sola ya wati 200 kwa jua letu zuri la masaa matano inaingiza yuniti moja kwa siku, ukitoa hasara za njiani inabaki robo tatu. Zako mbili ni yuniti moja na nusu. AC hiyo hata ikipumzika nusu ya muda, usiku mmoja inataka kama yuniti tatu na nusu. Kwa hiyo ni sola tano, betri mbili za lithiamu na inveta kubwa, inawezekana, watu wanafanya, lakini ni zaidi ya kilo 100 nyingine juu ya trela na pesa ambayo ingekulipia kila kitu kingine nilichotaja.

Mimi ningekuwa kwenye viatu vyako ningefanya hivi: mwambie kijana achomelee fremu ya AC ya dirisha sasa hivi, kwenye ukuta wa mbele juu ya ulimi wa trela, iwe imeshikwa na chesisi sio na bati, iinamishe nje kama sentimita moja maji yake yatoke, na mbele yake aweke wavu wa kuzuia mawe yanayorushwa na tairi za gari. Usiweke nyuma, nyuma ya trela ndiko vumbi lote linavutwa. Apitishe na waya mnene kutoka pale mpaka kwenye soketi ya nje ya kuchomeka umeme wa kambi. Halafu ziba hilo tundu na ubao wenye foam, safirini msimu mmoja na feni. Kama mtaenda sana kule chini, nunua AC na uitumie penye umeme wa kambi au na jenereta. Kama safari zenu ni Mburo na Kabale, hamtaigusa.

Na umeme wa 240 ukishaingia kwenye boksi la chuma lenye bafu ndani, breka inayozima umeme ukivuja, ya miliampea 30, ni lazima, sio ya kuomba punguzo, na chesisi iungwe na waya wa earth. Ndani ya bafu kuwe na taa ya volti 12 tu, swichi nje.

SWALI: Fundi naomba unisaidie haraka. Tuna trela ya kulaza wageni huku Fort Portal, asubuhi baridi sana wageni wanalalamika maji. Fundi amekuja na ile hita ya gesi ya papo hapo anataka kuifunga ndani ya bafu, anasema kuna kidirisha kwa hiyo hakuna shida. Roho yangu haijatulia. — Mama wa kambi, Fort Portal

JIBU: Nyabo roho yako imekuambia ukweli, mzuie leo. Ile hita ikiwaka inakula hewa ya bafu, na hewa ikipungua moto unaanza kutoa kaboni monoksaidi, haina rangi haina harufu, mgeni anasikia kichwa kizito na usingizi, anakaa chini, haamki. Kibafu cha trela ni kidogo kuliko kabati, kidirisha cha juu mgeni mwenye baridi atakifunga, nani asingekifunga. Ni kitu kile kile cha sigiri ndani ya nyumba ambacho kimeua watu wetu wengi usiku wa mvua.

Hita hiyo hiyo sio mbaya, ifungwe nje. Achomelee kwenye ukuta wa nje kikabati chenye matundu juu na chini, na bomba la maji moto tu ndilo liingie ndani. Kikabati kiwe mbali na dirisha la kulala. Mtungi wa gesi nao nje, na sehemu unapokaa iwe na tundu kwenye sakafu yake kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka na kutulia chini ikisubiri kibiriti. Gesi inayotumika ni kidogo sana, kupasha lita 20 zipande nyuzi 20 ni gramu 50 hivi, kwa hiyo mtungi wa kilo 6 utasahau lini uliujaza.

Kama hutaki gesi kabisa, chukua bomba la PVC la inchi 4, mita 3, lipake rangi nyeusi, ziba pande zote mbili, weka mdomo wa kujazia upande mmoja na bomba la kutolea upande mwingine, lifunge juu ya paa. Linabeba lita 25 hivi. Jua la mchana linalipasha vizuri, mgeni anayeoga jioni atafurahi. Wa asubuhi halitamsaidia, limelala kwenye baridi usiku kucha, huyo mchemshie birika jikoni nje umwekee kwenye ndoo.

SWALI: Mzee, niko Pakwach, trela yangu nimeweka AC ya dirisha ya 9000 na jenereta imeandikwa wati 1500. AC inakula 850 kulingana na kibandiko chake. Kila ikijaribu kuwaka jenereta inanguruma inataka kuzima, breka inaruka. Muuzaji anasema jenereta ni nzima. Nani anadanganya? — Msomaji, Pakwach

JIBU: Hakuna anayedanganya. Hizo 850 ni za AC ikiwa imeshatulia kukimbia. Compressor, ile pampu inayosukuma gesi ndani ya AC, wakati inaamka inavuta umeme mara nne tano ya huo, kwa nusu sekunde tu, lakini hiyo nusu sekunde ndiyo inayokuangushia jenereta. Halafu jenereta yako hairudishi hizo 1500 zote kwako, kila mita 300 unazopanda kutoka usawa wa bahari injini inapoteza kama asilimia 3 na nusu ya nguvu kwa sababu hewa ni nyembamba. Wewe Pakwach una bahati, unapoteza kama 7. Mwenzako wa Kampala anapoteza 14, wa Kabale karibu robo. Wakati wa kununua jenereta toa hiyo hesabu kwanza ndipo uangalie bei.

Una njia mbili. Fundi wa friji mzuri anaweza kukufungia soft start, ni kiboksi kidogo kinachoamsha compressor polepole, kinapunguza ule mvuto wa mwanzo zaidi ya nusu, na mara nyingi hicho peke yake kinamaliza tatizo. Au unauza jenereta uchukue ya wati 2,200 au 2,500. Jaribu ya kwanza kwanza. Na kabla ya zote zima friji na chaja zote ndipo uwashe AC, utashangaa mara ngapi hiyo tu inatosha.

Jenereta ikae mbali, upepo utoe moshi upande mwingine, kamwe isiwe chini ya trela hata kama mvua inanyesha. Sababu ni ile ile niliyomwambia mama wa Fort Portal hapo juu.

SWALI: Fundi salaam aleikum kutoka Bombo. Mimi ni mstaafu wa jeshi. Mtoto wangu aliyeko Marekani amenitumia kwenye kontena AC ya juu ya paa ya kempa, mpya kabisa, BTU 13500. Imeandikwa volti 115, 60 Hz. Wanasema ninunue tu transfoma ya kushusha umeme. Ni kweli? — Mstaafu, Bombo

JIBU: Aleikum salaam Afande, na mtoto apate heri kwa kukumbuka mzee wake. Transfoma inashusha volti lakini hertz haizigusi, umeme wetu ni 240 kwa hertz 50 na hiyo mashine imetengenezwa kwa 60. Ukiipa 115 ya hertz 50 mota inazunguka polepole zaidi, karibu moja ya sita, na papo hapo inavuta umeme zaidi ya ilivyozoea na inapata moto. Inaweza kupoza miezi kadhaa halafu ikaungua, na compressor ikiungua hakuna wa kukupa nyingine hapa. Tena transfoma yenyewe inatakiwa ya kVA 3 au zaidi, ni chuma kizito cha kubeba kwenye trela.

Kinachoweza kuiendesha sawasawa ni inveta ya Kimarekani inayotoa 115 kwa hertz 60 kutoka kwenye betri, lakini AC hiyo inakula wati 1,500 na zaidi, ampea 140 na kitu kwa volti 12, hesabu ya betri nimeionyesha kwenye barua ya Seeta. Afande mimi ningemtafuta mtu mwenye kempa iliyoletwa nzima kutoka Marekani, ambayo ndani yake jenereta na waya zote ni za 60, nimuuzie ikiwa bado kwenye karatasi yake. Halafu nunua ya 240 hapa hapa au iliyotoka Dubai, kule umeme wao ni hertz 50 kama wetu. Ukiamua kuiweka yoyote ya paani, kumbuka ina kilo 40 na zaidi, paa la bati na tyubu nyembamba litabonyea katikati na maji ya mvua yatasimama pale, lazima uchomelee fremu ya kushika hilo tundu pande zote nne mpaka kwenye kuta.

SWALI: Bafu la trela yangu linanuka kama mtaro siku ya pili ya safari. Nimeosha na Jik mpaka nimechoka. Kuna sifoni nzuri tu chini. — Msomaji, Kabale

JIBU: Sifoni ni nzuri nyumbani kwa sababu nyumba haitembei. Ile kona yenye maji inayozuia harufu, ukipita barabara ya milima kwenda Kisoro maji yake yote yameruka nje, bomba liko wazi na harufu ya tenki inapanda. Ukifika kambini mimina kikombe cha maji kwenye tundu kabla hujafungua godoro, na ukiwa njiani ziba tundu kwa kizibo cha mpira. Wengine wanatoa sifoni kabisa wanaweka vali ya mpira inayofunguka maji yakishuka na kujifunga yenyewe, nayo inafanya kazi vizuri ila nywele zikinasa haifungi tena, ikague.

Halafu mwaga tenki kila siku. Maji ya sabuni na nywele na jasho yakilala siku mbili kwenye joto yanaoza, Jik haitashinda. Yamwage mbali na mto au ziwa, hatua 70 au 80 hivi, kwenye udongo unaonyonya, au uliza wenye kambi shimo lao liko wapi. Na kama tenki halina bomba dogo la kupumulia linalopanda mpaka juu ya paa, liweke, bila hilo kila maji yanaposhuka hewa chafu inatafuta njia ya kutokea na njia ni bafuni kwako.

SWALI: Tunaweza kujaza tenki la shawa kutoka ziwani moja kwa moja? Tunalala sana Kalangala na Ntoroko, kubeba maji ya bomba ni shida. — Vijana wanne, Entebbe

JIBU: Sio moja kwa moja vijana wangu. Ziwa Victoria na Ziwa Albert yote mawili yana kichocho, na kichocho hakihitaji uyanywe maji, kinapita kwenye ngozi, kwa hiyo kuoga ni sawa na kuogelea. Vile vidudu vinavyotoka kwa konokono havidumu vikishatengwa na konokono wao, maji yakikaa kwenye chombo safi siku mbili kamili yanafaa kuogea. Kuweni na jerikeni za zamu, mnateka leo mnaoga kesho kutwa, mmoja wenu aziandikie siku kwa maka. Tekeni penye maji wazi mbali na majani ya ufukweni, chujeni na kitambaa kinene konokono na majani yasiingie, na chujio dogo liwekwe kabla ya pampu au mchanga utaimaliza. Na hayo ni ya kuoga tu. Ya kunywa na kupigia mswaki chemsheni.

Anayeteka naye avae gambuti, asiingie na miguu mitupu.